Mvuvi wa Ukingoni, Chura wa Plastiki na Muuzaji wa Houston

Wiki iliyopita niliingia katika duka la zana za uvuvi hapa Houston kununua mshipi tu, na nusura nitoke na deni. Nilimweleza muuzaji kwamba mimi huvulia ukingoni na kwamba chura wangu wa plastiki, yaani chambo changu bandia, hafiki kwenye majani wanakojificha samaki. Yeye, bila kuniuliza natumia mshipi gani wala ndoano gani, akaniletea fimbo ya zaidi ya dola 200 na rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya bei inayoikaribia, kisha akaongeza kwa tabasamu kwamba watu makini hununua boti. Aliyezoea mwalo wa Kirumba kule Mwanza azipige hesabu fedha hizo kwa sangara, halafu aniambie kama nilikosea kununa. Nililipia mshipi na pakiti ya ndoano, nikaondoka.

Mimi huvua katika hifadhi ya Brazos Bend, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka mjini, kwenye maziwa madogo yenye kina kifupi ambayo wakati wa joto hufunikwa na majani ya yungiyungi. Samaki tunayemtafuta ni besi mwenye mdomo mpana, jamaa yake yule aliyepandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929, ambaye hulala chini ya majani akivizia chochote kinachopita juu. Chura huyu laini hupitishwa juu ya majani hayo, ndoano ikiwa imefichwa mgongoni isinase, na miguu yake hupiga maji kadiri unavyomvuta. Ubaya wake ni kwamba ni mwepesi na mpana, hivyo hewa humzuia mapema, na mtu asiye na boti hana njia nyingine ya kumfikia samaki isipokuwa urefu wa mtupo wake.

Dawa ya kwanza ni mshipi wenyewe. Nailoni nene hukaa kwenye rili ikiwa imejikunja, hutoka kwa mizingo na kusugua ukingo wa bobini, sehemu ya rili inayozungushiwa mshipi, na kila msuguano hupunguza mwendo. Mshipi wa kusukwa wenye nguvu ya ratili 50 ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu hiyo hiyo, ni laini, na haurefuki ukivutwa, jambo linalofaa sana samaki anapokamata chambo mbali nawe. Ujaze mpaka ubaki upenyo wa milimita 2 au 3 kufikia ukingo wa bobini. Wengi huacha nusu tupu kwa kubana matumizi, kisha wanalaumu fimbo.

Jambo la pili nilioneshwa na mzee mmoja Mmarekani mweusi aliyekuwa akivua jirani yangu. Bila kuombwa, alimchukua chura wangu, akamwinua usawa wa macho, akanionesha kwamba ndoano ilikuwa imetokea pembeni kidogo ya uti wa mgongo, na kwa sababu hiyo chura alikuwa akizunguka hewani kama pia. Alimchomoa, akamvalisha upya katikati kabisa kwenye ndoano pana yenye chubwi ndogo iliyoshikizwa kwenye shina lake, gramu 3 na nusu hivi, akanirudishia na kukataa malipo. Katika nchi ambayo hata hewa ya matairi hulipiwa, nilibaki nimeduwaa. Chubwi hiyo humfanya chura aruke akiwa ametulia, lakini humzamisha haraka pia, kwa hiyo anza kukunja mshipi mara tu anapogusa maji, ncha ya fimbo ikiwa juu.

Kuhusu kutupa kwenyewe, acha chura aning'inie kama sentimita 40 chini ya ncha, shika fimbo kwa mikono miwili, wa juu usukume na wa chini uvute, na usimame upepo ukiwa mgongoni. Fimbo ya futi 7 na zaidi husaidia, iwe ya dola 60 au ya 200.

Nanyi mnaoniandikia mkitaka kuja Texas, mkidhani kila kitu huku ni leseni na faini, jueni kwamba anayevua ukingoni ndani ya hifadhi za jimbo hahitaji leseni ya uvuvi. Kiingilio cha hifadhi utalipa, na kanuni za ukubwa na idadi ya samaki zinabaki pale pale. Nje ya hifadhi ni habari nyingine. Usiguse maji kabla ya kukata leseni, hasa kama bado unasubiri karatasi zako za ukaazi. Brazos Bend ina aligeta (jamii ya mamba) wengi, na umbali unaotakiwa ni futi 30. Mmoja wao akianza kumfuata chura wako, kunja mshipi haraka, beba vitu vyako, uhamie upande mwingine wa ziwa.