Siku Bodaboda wa Majanji Aliporuka Kichuguu

Kwetu Busia, upande wa Uganda, baiskeli ilikuwa kazi kabla ya kuwa mchezo. Miaka ile ya 1990 barabara ya mpakani ilijaa Phoenix na Hero zenye mito ya sponji kwenye karia, vijana wakivusha watu na mizigo kutoka kituo cha Uganda hadi cha Kenya. Bodaboda ilizaliwa hapo hapo mpakani, na mtaani kwetu Sofia ilikuwa vigumu kumpata mtoto asiye na mjomba au jirani anayeifanya. Ndiyo maana BMX ya kwanza, kibaiskeli kifupi cha kurukia na kushindania, ilipoingia mtaani watu wazima waliicheka. Haina karia, haina stendi, sasa itabeba nini?

Ilikuwa Raleigh Burner, mtumba, ya aina ile iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1982. Baba yake rafiki yangu alikuwa dereva wa lori la Mombasa, akaitia juu ya shehena akamletea mwanawe. Magurudumu yake ya inchi 20 yalikuwa ya plastiki ya njano, hayana hata spoki moja, na usukani ulikuwa na upau wa pili katikati uliofungwa sponji ili usijivunje meno. Wengine tulipanda tulichonacho: vibaiskeli vya watoto vilivyokwisha kupita mikono mingi, tairi limeshonwa kwa uzi wa nailoni, na breki ni kandambili unayoikandamiza kwenye tairi la nyuma. Ukipiga breki sana unarudi nyumbani na kandambili moja na nusu.

Mahali petu pa kurukia palikuwa kichuguu nyuma ya tanuri la matofali. Asiyevijua vichuguu vya mashariki mwa Uganda atadhani nasema kitu cha kufika magotini. Kile kilimpita mtu mzima kwa urefu, na kitako chake kingeweza kubeba nyumba ndogo. Wafyatua matofali walikuwa wameshakula upande mmoja, kwa kuwa udongo wa mchwa hushikana kuliko mwingine wote. Umwagie maji, uukanyage, uuachie jua, unakauka mgumu kama saruji. Upande uliobaki tuliuchonga kwa jembe la kuazima ukawa mteremko, na mwisho wake tukapandisha tuta. Unashuka kutoka juu bila kupiga pedeli, unalipanda tuta, unajikuta hewani. Mama mwenye shamba alituachia kwa sharti moja, kwamba mvua za kumbikumbi zikianza asituone pale. Kumbikumbi wa kichuguu kile walikuwa mali yake, aliwakaanga na kuwauza sokoni, na hakuna aliyethubutu kubishana naye.

Kuruka tulijua. Kushuka ndiko kulikotushinda. Ng'ambo ya tuta palikuwa tambarare, pamekauka, na kila aliyeruka juu alitua kwa kishindo cha kumtikisa ubongo. Rimu zilipinda, uma za mbele zilirudi nyuma. Fundi baiskeli wa pale stendi alitupenda sana msimu ule. Hata Burner yenyewe, pamoja na sifa zake zote, ilishaanza kupata ufa kwenye gurudumu la nyuma, na mwenyewe akawa anatuazima kwa masharti mengi kuliko benki.

Sasa, Jumamosi moja ya likizo ya Desemba, akapita kijana mmoja aliyekuwa akileta samaki kutoka Majanji kule ziwani. Jina lake hatukulijua, tulimwita Majanji tu. Alikuwa amekwisha kuuza, kapu tupu limefungwa kwenye karia kwa mpira wa tyubu, na harufu ya samaki ilifika kabla yake. Akasimama, akaegemea Phoenix yake, akatazama mmoja wetu akiruka na kuanguka.

"Nyinyi, nani amewaambia mshukie hapo?"

"Kaka, tunaruka, hatuchagui," akajibu mwenye Burner. "Wewe na hilo dubwana lako utaruka?"

Majanji hakujibu. Aliweka kapu chini, akapima kwa hatua kutoka kwenye tuta mpaka pale tairi zetu zilipokuwa zimechimba mashimo, kisha akaomba jembe. Alianza kulundika mabonge pale pale, akiyavunja na kuyashindilia kwa kisigino. Aliyapandisha upande wetu na kuyashusha taratibu upande wa pili. Tulicheka, tukamwambia anajenga kaburi. Akasema barabara ya Majanji ina mashimo, na mtu mwenye kilo nyingi za samaki nyuma hujifunza haraka. Gurudumu likidondoka kwenye tambarare rimu ndiyo inayolipa, lakini likidondoka kwenye mteremko linaendelea na safari yake. Hakuna aliyemsikiliza, tulikuwa tunangojea aanguke.

Alikokota Phoenix hadi juu. Ile haikuwa baiskeli ya kuruka: magurudumu ya inchi 28, nondo za ziada zimechomelewa kwenye uma, mto wa abiria wa ngozi ya bandia nyekundu, kengele kubwa. Wafyatua matofali waliacha kalibu zao wakaja kutazama. Akakaa, akashuka. Kengele ililia yenyewe njia nzima. Alipofika kwenye tuta aliinuka juu ya pedeli, na lile zigo lote likaondoka ardhini. Si juu sana, nisiseme uongo, lakini niliona jua kati ya tairi na udongo. Likatua juu ya lile lundo, tairi la nyuma kwanza, likateremka nalo bila kishindo, likaenda hadi kwenye migomba. Kilichoanguka ni ule mto mwekundu tu.

Kelele zilizopigwa pale zilimtoa mama wa kumbikumbi nyumbani.

Mwaka 2008 BMX ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Beijing, wenzangu ukumbini walikuwa wakishangilia jinsi wale watu wanavyopaa. Dhahabu ya wanaume ilikwenda kwa Mlatvia, Māris Štrombergs. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye miteremko ya kutua, imechongwa vizuri kila baada ya tuta, na kwa sauti nikasema, "Majanji!" Jirani yangu akaniuliza hiyo ni nchi gani.

Siku ile, alipomaliza kuchezesha mabega mbele ya wafyatua matofali, Majanji alidai malipo yake, naye ajaribu Burner. Alikuwa mrefu. Magoti yalifika kwenye usukani, na kila alipokata kona yalimzuia. Alienda hatua chache kwenye tambarare, mwendo wa kutembea, akaanguka ubavu. Tulimcheka mpaka tukakaa chini. Yeye akajipangusa, akafunga kapu na mto wake, akasema ana abiria anayemngoja mpakani.

Jioni hiyo kila mmoja wetu alitua kwenye lundo lake, hata mdogo wangu ambaye mpaka siku ile alikuwa akishikilia nguo zetu tu. Kesho yake tulipofika, mwenye Burner alikuwa amekaa juu ya kichuguu akitungoja. Kuruka mara moja kulikuwa shilingi 50. Alikuwa amepandisha hadi 100, eti kwa sababu barabara imetengenezwa.