Sakafu ya mama: nilivyochagua grauti na upana wa mistari

Mama ndiye aliyegundua. Alikuwa anasugua bafu asubuhi, brashi ikawa inatoka na unga mweupe kila inapopita katikati ya tailizi, akaniita: "Njoo uone mwanangu, sakafu inaliwa." Nikachuchumaa, nikapitisha ukucha kwenye mstari, ukazama. Sehemu nyingine mwanya ulikuwa wazi mpaka chini, na karibu na shimo la maji kulikuwa kweusi tititi. Bafu lenyewe halikuwa limetimiza miaka miwili.

Nyumba iko Sahare hapa Tanga, bahari unaisikia usiku. Nilimjengea mama kwa kudunduliza, chumba baada ya chumba, kwa hiyo kila tailizi pale naijua ilinunuliwa mwezi gani. Fundi wa kwanza hakutumia grauti, ule unga maalumu wa kujazia mianya kati ya tailizi; alijaza mianya yote kwa simenti nyeupe aliyoikoroga na maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi. Sikuona kosa, maana nyumba nyingi nilizoingia zimefanywa vivyo hivyo. Sebuleni, tulikoweka tailizi kubwa za sentimita 60 kwa 60, aliniuliza swali moja tu: "Tuache mstari au tubane?" Nikamwambia abane. Nilitaka sakafu ionekane kama kioo kimoja.

Kaskazi ya pili, joto la Februari, tukiwa tumekaa baada ya chakula cha mchana tulisikia mlio kama ubao umevunjwa. Tailizi mbili karibu na mlango wa baraza zilikuwa zimenyanyuka, zimeegemeana kama paa la kibanda. Ukigonga za jirani zake zilikuwa zinalia wazi.

Nikamwita mjomba. Amefanya kazi ya tailizi maisha yake yote, sasa magoti hayamruhusu tena kupiga magoti kutwa, lakini bado jicho lake ni la fundi. Alikaa kwenye kiti, akatazama zile mbili zilizonyanyuka, akataka nimletee kipande cha ukutani, pale sakafu inapokutana na ukuta. Kulikuwa kumejazwa udongo wa simenti hadi ukutani, hakuna hata nafasi ya kupitisha karatasi.

"Umezifunga," akasema. "Tailizi inatanuka jua likiingia mlangoni, na zege lililo chini nalo lina mwendo wake. Zikigusana ubavu kwa ubavu na ukuta umezikaba, zitakwenda wapi? Juu."

Nilimuuliza basi mstari uwe wa upana gani. Nilitegemea anitajie namba. Badala yake akaniambia nimletee tailizi kumi, kila moja kutoka boksi lake, na rula ya chuma. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningelipa fedha nyingi kulijua mapema: upana wa mstari hauanzii kwenye macho ya mwenye nyumba, unaanzia kwenye tailizi yenyewe.

Tulizipima zile nilizotaka kuweka barazani, za 30 kwa 30, zenye uso mkwaruzo ili mama asiteleze mvua ikipigwa na upepo. Kwenye boksi zimeandikwa milimita 300. Zilizo kubwa zilikuwa 300 na ushei, ndogo zikafika karibu 298 na nusu. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ilikuwa milimita moja na nusu hivi. Mjomba akazidisha kwa tatu, akapata nne na nusu, akasema tuweke mwanya wa milimita 5. Baadaye nilikuja kusoma kwamba viwango vya Marekani vya kuweka tailizi vinasema hivyohivyo: mwanya usipungue mara tatu ya tofauti ya saizi za tailizi zenyewe, na kwa vyovyote usiwe chini ya milimita 1.6. Mjomba hajawahi kuviona viwango hivyo. Alijifunza kwa kuona mistari ikipinda.

Maana kazi ya mwanya, mbali na kupokea joto, ni kumeza hizo tofauti. Ukiweka milimita 2 kwenye tailizi zinazopishana milimita moja na nusu, mahali pengine utabaki na nusu milimita na mahali pengine utapata tatu na nusu, na jicho litaona mara moja kwamba mistari inanyauka na kunenepa. Ukiweka 5, tofauti ileile inapotea.

Za sebuleni zilikuwa jambo lingine. Nilizonunua mara hii ni poselini ambazo kiwandani hukatwa kingo kwa mashine baada ya kuchomwa, na ukizishika unajua: kona ni kali, hazina ule mviringo mdogo pembeni. Kumi tulizopima hazikupishana hata nusu milimita. Kwa hesabu ya mjomba zingeweza kukaa na mstari wa milimita moja na nusu au mbili. Nikakaribia kuchagua mbili. Yeye akasema tatu, kwa sababu mbili: jua la mlangoni, na kwa sababu sakafu yetu ya zege haikuwa imelala sawasawa kama meza. Mstari mwembamba mno unafanya kila kona iliyopanda kidogo juu ya mwenzake ionekane na ikukwaze mguu. Nikakubali tatu, na leo sioni mgeni yeyote anayesema mistari ile ni minene.

Tukang'oa sebule yote. Zile zilizotoka nzima tuliziweka korido na stoo. Nilinunua spesa za plastiki za kutenganisha tailizi, zile zenye umbo la msalaba, za milimita 3 na za 5, pakiti za kutosha. Njiti za kiberiti nilizikataa, zinalowa na kubonyea, na mwisho wa safu umepoteza mstari. Pembeni mwa kuta zote tuliacha nafasi ya kama milimita 8 bila kuijaza chochote kigumu. Skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, inaifunika, hakuna anayeiona. Barazani, ambako jua linapiga kutwa na urefu wake ni mita sita, mjomba alitukatia mstari mmoja katikati, upande hadi upande, ambao haukujazwa grauti bali silikoni, gundi laini inayonyumbulika, ya rangi ileile.

Sasa grauti. Nilikuwa nadhani tofauti ni rangi tu. Pale duka la vifaa Ngamiani kijana alinitolea mifuko miwili na nikamwomba tuifungue kidogo tuipapase. Moja ilikuwa laini kama unga wa ngano, nyingine ina chembe za mchanga. Hiyo ndiyo tofauti inayotakiwa kujulikana kabla ya rangi. Simenti ikikauka husinyaa. Kwenye mwanya wa milimita 3 kushuka chini, kusinyaa huko ni kudogo na grauti laini inatosha, tena yenye mchanga hata haiingii vizuri. Mwanya ukizidi hapo, unahitaji ule mchanga ndani yake ukae kama mawe kwenye zege na kuzuia simenti isijivute ikapasuka. Na ndiyo iliyolitokea bafu la mama: mwanya wa milimita 5 umejazwa simenti nyeupe tupu. Ikasinyaa, ikapasuka, maji yakaingia, kilichobaki brashi ikakimaliza.

Kwa hiyo sebuleni, mstari wa 3 na tailizi zinazong'aa, nilichukua laini. Ile yenye mchanga ingeweza kuchubua uso wa tailizi wakati wa kusugua. Barazani na bafuni, mistari ya 5, nilichukua yenye mchanga.

Kuna aina ya tatu, epoksi, ambayo si simenti. Ni vitu viwili unavyochanganya, kama gundi, na ikishashika haifyonzi maji wala doa. Bei yake ilinishtua, nikaitumia mahali pamoja tu: juu ya meza ya jikoni, kuzunguka sinki. Nyumba inayopika mchuzi wa nazi na manjano kila siku inajua manjano yanavyoshika kwenye simenti, hayatoki hata usugue na ndimu. Epoksi haikupi muda wa kupumzika, na kwa joto letu inashika haraka zaidi, kwa hiyo tulianza saa kumi na mbili asubuhi na nikachanganya kidogo kidogo. Kilichobaki juu ya tailizi lazima kifutwe hapohapo. Ukikiacha kikauke, utakikwangua kwa kisu.

Rangi niliichagua kwa kujaribu. Nilikoroga vijiko vichache vya kila rangi, nikavijaza kati ya vipande vilivyovunjika nilivyovibandika kwenye ubao, nikaviacha siku mbili dirishani. Grauti mbichi ni nyeusi kuliko itakavyokuwa, ukiamua siku ileile utajuta. Nyeupe niliiacha moja kwa moja. Tanga tuna udongo mwekundu unaoingia na viatu, na mstari mweupe sakafuni unakuwa wa kahawia njiani pote watu wanapopita, unabaki mweupe chini ya makochi. Nikachagua kijivu cha majivu. Dada yangu alitaka nyeusi kwenye tailizi za krimu. Inapendeza kwenye picha, lakini rangi inayopingana na tailizi inatangaza kila mstari uliopinda, na fundi wetu, pamoja na bidii yake yote, ni binadamu.

Kiasi cha kununua kinapigiwa hesabu hivi, yote kwa milimita: jumlisha urefu na upana wa tailizi, gawanya kwa urefu mara upana, zidisha kwa unene wa tailizi, zidisha kwa upana wa mwanya, halafu zidisha kwa 1.6. Utapata kilo kwa kila mita ya mraba. Tailizi zetu za 30 kwa 30 zenye unene wa milimita 8 na mwanya wa 5 zinakula kama gramu 430. Za sebuleni, 60 kwa 60, unene 9, mwanya 3, hazifiki hata gramu 150. Ongeza kidogo kwa ajili ya inayomwagika. Nunua yote kwa mkupuo na uangalie namba ya toleo kwenye mfuko, kwa sababu kijivu cha mwezi huu kinaweza kisifanane na cha mwezi ujao.

Bafuni hatukung'oa tailizi, zilikuwa zimeshika vizuri. Nilikwangua mistari mwenyewe, jioni tatu, kwa msumeno mdogo wa mkono wa kukwangulia grauti. Mjomba alinisisitiza nishuke angalau theluthi mbili za unene wa tailizi, maana grauti iliyopakwa juujuu kama siagi inabanduka kwa magamba. Nikapiga brashi, nikafyonza vumbi kwa kitambaa chenye unyevu.

Maji ya kukorogea yalikuwa ya bomba. Ya kisima tuliyaacha kabisa: chumvi yake hupanda juu ya mstari unapokauka, ikaacha ukungu mweupe unaorudi kila ukiufuta. Na maji yawe kidogo. Vijana wanapenda grauti ya uji kwa sababu inateleza kuingia, lakini maji ya ziada yakishapotea yanaacha matundu na rangi ya mabaka. Yetu ilikuwa nzito kama ugali laini, ukiigeuza kwenye mwiko haidondoki. Tuliikoroga, tukaiacha dakika kumi, tukaikoroga tena bila kuongeza tone.

Inasukumwa kwa kibao cha mpira, ukikipitisha mshazari ukilinganisha na mistari, kisichimbe ulichojaza. Kisha unasubiri mpaka ukigusa haikufuati kidoleni, ndipo unafuta kwa sponji iliyokamuliwa sana, na ndoo mbili za maji. Hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia. Sponji inayochuruzika inaosha simenti yote ya juu na kubakiza mchanga. Sebuleni kijana mmoja alianza hivyo na ikabidi nimkamulie mwenyewe mara tatu za kwanza. Baada ya hapo alielewa, na kona aliyomaliza yeye ndiyo safi kuliko zote.

Mahali sakafu ya bafu inapokutana na ukuta, na kona za kuta zenyewe, hatukuweka grauti. Kuta na sakafu haziendi pamoja, grauti hapo itapasuka tu. Tuliweka silikoni ya bafuni.

Siku tatu tulioga kwa jirani. Mama alilalamika siku ya kwanza, ya pili akawa anakwenda mapema ili wakae wazungumze. Wiki tatu baadaye nilipaka dawa ya kuzuia kufyonza maji kwenye mistari ya bafu na baraza, nikamwaga matone ya maji kujaribu, yakasimama kama kwenye jani la mgomba. Dawa ya choo yenye asidi nimeitoa bafuni, nayo ilikuwa na sehemu yake katika ule unga mweupe, kwa kuwa asidi hula simenti. Sasa mama anatumia sabuni ya kawaida na brashi laini.

Masika imepita juu ya baraza, na Februari nyingine imepita sebuleni bila mlio. Grauti iliyobaki nimeifunga kwenye kopo lenye mfuniko, juu nimeandika rangi, namba ya toleo na chumba. Liko stoo pamoja na tailizi nne za akiba za kila aina.