Njia ya kwenda Srebrenica

Nilikulia Arusha katika miaka ambayo washtakiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda walikuwa wakihukumiwa mjini kwetu, na rufaa zao zilisikilizwa na jopo lilelile lililosikiliza rufaa za mahakama ya Yugoslavia iliyokuwa The Hague. Kwa hiyo nilipofika Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina iliyokuwa sehemu ya Yugoslavia, sikutaka kuishia kwenye vibanda vya kahawa vya Baščaršija, soko lake la kale, bali nilitafuta gari la kunipeleka mashariki hadi Srebrenica, mji wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1995.

Barabara hupanda milima ya Romanija, na muda si mrefu baada ya kuliacha jiji vibao huanza kuandikwa kwa herufi za Kisiriliki, kama zile za Kirusi. Tulikuwa tumeingia Republika Srpska, yenye Waserbia wengi, mojawapo ya sehemu mbili za nchi zilizothibitishwa na Mkataba wa Dayton uliomaliza vita vya Bosnia mwaka 1995. Hapakuwa na kizuizi wala askari. Dereva, mtu wa makamo, alisema kwamba alipokuwa shuleni hakuna aliyejali mwenzake anasali wapi, nami namwamini, kwa maana sikubaliani na wanaodai kwamba vita vile vilitokana na chuki ya kale. Tito, kiongozi wa Yugoslavia, alifariki mwaka 1980, uchumi ukazama katika madeni, na wanasiasa wa Belgrade (Serbia) na Zagreb (Kroatia) wakagundua kwamba hofu ya jirani huleta kura. Slovenia na Kroatia zilijitangazia uhuru tarehe 25 Juni 1991. Bosnia, ambayo sensa ya mwaka huo iliwakuta Waislamu wakiwa karibu asilimia 44, Waserbia 31 na Wakroatia 17, wakiishi mtaa mmoja na kuoana, haikuweza kugawanywa kwa mstari wa ramani bila kuwafukuza watu au kuwaua.

Huko Kravica tulipita mbele ya ghala la ushirika wa wakulima, jengo refu la kawaida, ambamo zaidi ya Waislamu 1,000 kutoka Srebrenica waliuawa na vikosi vya Waserbia wa Bosnia tarehe 13 Julai 1995.

Potočari iko kilomita chache kabla ya mji wa Srebrenica. Upande mmoja wa barabara kuna kiwanda cha zamani cha betri, kilichokuwa kambi ya wanajeshi wa Uholanzi wa Umoja wa Mataifa, na upande wa pili kuna makaburi. Umoja huo ulikuwa umeitangaza Srebrenica kuwa eneo salama mwaka 1993; miaka miwili baadaye wanaume walitenganishwa na wake na mama zao mbele ya macho ya walinzi hao, na zaidi ya wanaume na wavulana 8,000 wakauawa. Nilisimama mbele ya mawe matatu meupe ya ukoo mmoja: wa kwanza alizaliwa 1949, wa pili 1974, wa tatu 1978, na wote mwaka wao wa kufa ni 1995. Wauaji waliyafukua makaburi kwa mashine na kuyahamisha mabaki ili kuficha ushahidi, hivyo mifupa ya mtu mmoja imewahi kupatikana katika mashimo tofauti na kuunganishwa kwa vipimo vya vinasaba. Kila tarehe 11 Julai waliotambuliwa huzikwa hapa, na zipo familia zinazoahirisha maziko zikitumaini kwamba mifupa zaidi itapatikana.

Usiku, mwenye nyumba niliyofikia Sarajevo, ambaye baba yake ni Mserbia na mama yake ni Muislamu, alinieleza jinsi amani ile ilivyoandikwa. Urais wa nchi una viti vitatu: cha Mbosnia wa asili ya Kiislamu, cha Mkroatia na cha Mserbia. Myahudi au Mroma (wa jamii ya Waroma, si mtu wa jiji la Roma) hawezi kugombea, na yeye mwenyewe hana budi kumkana mzazi mmoja kwanza. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitamka mwaka 2009 kwamba huo ni ubaguzi, lakini miaka mingi imepita na katiba haijarekebishwa, kwa sababu wenye uwezo wa kuibadilisha ni walewale wanaochaguliwa kwa misingi hiyo ya ukabila.