Siku niliyomwanika mtoto wa watu mstarini

Hii nimekaa nayo muda, leo acha niitoe. Nilikuwa mwalimu wa zamu, shule moja hapa Mwanza, mvua imenyesha usiku kucha na asubuhi kuna kale kabaridi ka ziwani. Sasa kuna binti wa kidato cha pili, mchakamchaka hakimbii, anakaa pembeni, wenzake wakaanza kunung'unika eti madam anampendelea. Mimi kwa kujifanya namtetea nikatangaza mbele ya shule nzima, "Mwacheni huyo, ana sikoseli."

Nikaona nimemaliza. Kumbe! Mpaka muda wa chai washampa jina, na kuna mmoja kahama dawati anaogopa kuambukizwa, wakati sikoseli ni ugonjwa wa damu, mtu anaurithi kwa baba na mama, hauambukizi hata mkinywea kikombe kimoja.

Mama yake akaja kesho yake. Hakugomba, bora angegomba. "Madam, ile karatasi ya hospitali ya Bugando nilikupa wewe, sikuwapa wanafunzi." Basi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022 na mambo ya afya humo ni taarifa nyeti, ila kuona aibu mbele ya yule mama hakukuhitaji sheria.

Nikamwita binti pembeni, sio ofisini kwa walimu ambako kila mtu anasahihisha madaftari huku sikio liko kwako, nikamwomba msamaha, nikamuuliza unataka nani ajue? Akataja watu watatu tu. Na alichotaka ni kidogo mno, chupa ya maji darasani na kwenda chooni bila kubembeleza, maana figo za mwenye sikoseli hazishiki maji vizuri, anakojoa sana, na maji yakipungua mwilini maumivu yanaweza kuanza.

Ningempa yeye peke yake ningekuwa nimemtangaza tena, kwa hiyo nikaruhusu darasa zima. Wapo wanaotumia choo kuzurura, najua, nawafahamu kwa majina, nimemeza. Mchakamchaka nao, asiyeweza kukimbia anakuja kushika daftari la mahudhurio na haulizwi kwa nini.

Siku ya kwanza walikuja watano. Wawili wavivu, hao hata hawajifichi. Ila kuna kijana mmoja mkimya wa kidato cha tatu, mwezi wa pili huu anakuja kila asubuhi, hajaniambia kitu na mimi sijamuuliza. Daftari analiandika vizuri kuliko mimi.