Taa niliyoificha

"Baba, taa iko wapi?"

Binti yangu alikuwa amesimama juu ya kiti, pua inakaribia kugusa ile picha ya chumba iliyo juu ya meza yangu ya kazi. Ameiona tangu azaliwe, ila jana ndiyo mara ya kwanza kuiulizia. Ukuta una mwanga, meza ina kivuli, taa haionekani. Nikamwambia nimeificha. "Umeificha wapi?" Hapo nikanyamaza. Swali hilohilo niliulizwa na Mzee, mpiga picha wa zamani, mwaka 2013.

Chumba kile hakijawahi kuwepo. Nilikijenga chote kwenye Blender, programu ya kuunda picha za 3D, na kukirenda, yaani kukigeuza kuwa picha, kwa Cycles, injini yake ya kurenda, ambayo wakati huo ilikuwa haijatimiza miaka miwili tangu itoke na toleo la 2.61. Kompyuta yangu ilitumia usiku mzima kwa picha moja. Taa yenyewe ilikuwa bapa la mraba linalotoa mwanga, likining'inia juu ya meza. Nikilifanya dogo, vivuli vinakuwa vikali kama vimekatwa kwa wembe. Nikilisogeza mbali mara mbili, ukali wa mwanga unashuka hadi kama robo. Nililitaka kubwa na karibu, na kwa sababu hiyo liliingia ndani ya fremu, kama karatasi nyeupe inayoelea hewani.

Kwenye mipangilio ya bapa kuna tiki zinazosema ni miale gani inaweza kuliona; nikaondoa tiki ya kamera. Katika kurenda kwa namna hii, njia aliyoieleza James Kajiya mwaka 1986, miale hufuatwa kinyumenyume: inaanzia kwenye kamera, inagonga vitu na kudunda mpaka ikutane na mwanga. Kwa hiyo unaweza kuukataza mwale unaotoka moja kwa moja kamerani usilione bapa, huku ule uliokwisha kudunda ukutani ukiliona. Bapa likatoweka, mwanga ukabaki palepale. Nilifurahi sana.

Asubuhi nikalikuta ndani ya jagi la kioo, limepinda, jeupe. Mwale ukishapita kwenye kioo hauhesabiwi tena kuwa wa kamera. Nikaondoa tiki ya miale inayopenya. Likabaki kwenye birika la chuma, mraba mweupe unaowaka kwenye tumbo la birika. Nikaondoa na tiki ya uakisi, nikarenda tena, nikalala.

Mzee alikuja siku iliyofuata. Yeye hakuwahi kugusa programu ya aina hii. Maisha yake yote alipiga picha kwa filamu, na taa zake alizificha kwa vitambaa vyeusi na vipande vya mbao. Alivuta kiti, akavaa miwani, akaitazama picha bila kusema neno. Nilisikia feni ya kompyuta. Alianza na ukuta, akashuka kwenye meza, akapita jagi, halafu macho yake yakatua kwenye birika na kukaa hapo. Na mimi, nikifuata macho yake, ndipo nilipoliona. Lilikuwa limekuwa jeusi. Umbo lilikuwepo, mpini ulikuwepo, lakini lilionekana kama tundu lililotobolewa katikati ya picha.

"Mwanangu," akasema taratibu, "birika hili limekufa. Taa umeificha wapi?"

Nikamweleza habari za tiki. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole, pale kwenye tumbo la birika. "Chuma hakina sura yake. Sura yake ni ya kile kinachokitazama. Ukikinyima taa, kitaonyesha nini?"

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Kwenye hesabu za kurenda, chuma hakitawanyi mwanga kama ukuta au mbao. Karibu kila unachokiona juu yake ni uakisi. Mimi nilikuwa nimekifunga macho.

Kazi iliyobaki ilichukua siku mbili. Nikarudisha tiki zote, nikalitoa bapa nje ya fremu, nikalikata vipande vinne na kuweka fito nyembamba katikati, kama dirisha. Kulisogeza mbali kulileta chenga kwenye kona za giza, nikaongeza sampuli, yaani idadi ya miale kwa kila nukta ya picha, na kuvumilia. Birika likafufuka likiwa na kidirisha kidogo kilichopinda juu ya tumbo lake. Mzee alipoliona aliitikia kwa kichwa mara moja tu, akavua miwani.

Sijui bado kama aliniambia niache kuficha, au alinifundisha kuficha vizuri zaidi. Nilitamani kumuuliza, na muda ukapita.

Jana binti yangu hakungoja jibu langu. Alitembeza kidole juu ya picha, polepole, mpaka kikafika kwenye birika.

"Ni dirisha," akasema. Akasogea zaidi, pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo cha fremu. "Baba, na nje kuna nini?"

Nje ya dirisha lile sikuweka kitu. Usiku nimelifungua tena lile faili la zamani, na liko wazi mbele yangu sasa hivi.