Kushona nguo za jua nikiwa na sweta mbili

Saa kumi na moja alfajiri. Julai ya Githurai haina huruma. Chai, watoto, sweta mbili, matatu ya 45. Saa moja na nusu nafungua kibanda changu kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na River Road, Nairobi. Ndani mna mashine moja ya kutarizi yenye kichwa kimoja na sindano 12, pamoja na deni lake. Naitia tone moja la mafuta pale bobini inapozungukia, nafagia, naanza.

Kufikia saa nne nimemaliza taulo za saluni. Majina tu. Juu ya taulo hutandikwa plastiki nyembamba inayoyeyuka kwa maji, la sivyo herufi huzama kwenye manyoya na mteja anadhani umemwibia uzi.

Saa nne na robo akaingia mama mmoja na mfuko.

"Fundi, nina haraka. Kuna mtu anasafiri kesho."

Akamwaga mezani magauni sita ya pamba nyepesi, ile ukiishika mbele ya dirisha unaona matatu zikipita huko chini. Ya dada yake aliye Ujerumani, ambako sasa ni majira ya joto. Kwenye simu alikuwa na picha ya alizeti kubwa kama sahani, iliyojazwa uzi pomoni, na aliitaka kifuani mwa kila gauni.

"Itachukua muda gani? Si ni kubonyeza tu, mashine inajifanyia?"

Jamani. Mashine haijui alizeti ni nini. Mimi ndiye nakaa kwenye kompyuta na kuichora upya, nikiamua kila mshono uelekee wapi na uanzie wapi. Nilipoichora, ua lake lilifika mishono 22,000. Kwenye kitambaa chepesi naendesha mishono 650 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya nusu saa kwa gauni moja, hujabadilisha rangi, hujafunga kitambaa kwenye fremu inayokikaza. Na muda ni tatizo dogo. Kila mshono huvuta kitambaa kidogo, na pamba ile haina ubavu wa kushindana na uzi wa poliesta. Ukiitoa kwenye fremu, inajikunja kuzunguka ua, na kifua kinakuwa kigumu kama kadibodi. Nani avae kadibodi juani?

Nikamweleza yote hayo. Hakuamini. Nikatafuta kipande cha pamba ya aina hiyo, nikakiharibu makusudi kwa karibu dakika arubaini. Kikatoka kimekunjamana kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Akakigeuza huku na huku.

"Basi mashine yako ndiyo mbaya."

Nikanywa maji kwanza.

Ua lile zito lina mahali pake: mto wa kochi wa turubai, kikapu cha kitambaa cha sokoni, mgongo wa jaketi ya jinzi. Gauni la joto linataka hewa. Kwa hiyo nikachora alizeti ya mistari tu, petali wazi, na vidoti katikati. Mishono 3,900, kama dakika sita. Nikaishusha kutoka kifuani hadi pembeni mwa pindo, na tumba moja mfukoni. Sindano nikaweka nyembamba, namba 9, kwa sababu namba 11 ingeacha matundu. Chini, pa kushikilia kitambaa, nikaweka karatasi ya kuyeyuka kwa maji, maana ile ya kawaida ingeonekana kupitia kitambaa. Gauni la kwanza lilipotoka hakusema lolote. Alilikunja vizuri tu. Nililiona hilo.

Gauni la tatu, petali ya tano, stima zikapotea.

Mashine hukumbuka ilipoishia, lakini huwezi kuianzisha papo hapo. Lazima uirudishe nyuma mishono michache ili uzi ushikane. Tukangoja. Githeri yangu ikapoa. Yeye akahesabu sampuli zangu ukutani, akauliza bei ya vitambaa vya kochi, akasema ni ghali, akauliza tena. Sweta zangu mbili hazikutosha. Miguu ilianza kuuma hata kwa kukaa.

Sijui zilirudi saa ngapi. Jua lilikuwa limeshahama dirisha. Gauni la nne, la tano, uzi ukikatika, nikiutia tena tunduni kwa macho ya kukisia. La sita nikamaliza huku jirani akifunga vyuma. Kisha zile nyuzi za kuruka kutoka petali hadi petali, nikazikata moja moja kwa mkasi mdogo, magauni yote sita.

Akalipa pungufu ya shilingi mia mbili, akasema atatuma. Mlangoni akageuka:

"Fundi, hiyo ya mistari inaweza kuwekwa kwenye foronya?"

Inaweza. Nikamwambia aje Jumatatu.

Kwenye matatu nikasinzia kabla hatujafika Pangani. Kondakta akanigusa bega akidai nauli.

"Mathe, uko na uzi wa njano kwa nywele."

Nikamwambia auache.