Siku moja na karanga ninazotaka zilale

Saa 12 asubuhi niko kitaluni, kwenye kazi yangu ya kuzalisha aina mpya za karanga. Ua la karanga hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyohiyo, kwa hiyo sichelewi. Napaka chavua kwenye maua niliyoyatoa stameni, yaani viungo vya kiume, jana jioni. Mmea mama ni wa kundi la karanga liitwalo fastigiata: huchanua mapema, hadi kwenye shina kuu, lakini mbegu zake hazina usingizi, yaani zikikomaa huota mara tu zikipata maji. Mmea baba ni wa kundi la hypogaea: huchelewa, shina lake kuu halina ua, ila mbegu zake hulala. Natafuta watoto wenye haraka ya mama na usingizi wa wiki mbili au tatu tu. Ukizidi sana, mkulima atapanda na mbegu zigome kuota.

Saa 3 nahesabu siku za kuchanua, mmea kwa mmea.

Saa 5 nang'oa karanga katika shamba lililopandwa mapema. Mvua imenyesha siku tatu. Nabonyeza ganda moja, linapasuka: mzizi mweupe umeshachomoza, umejikunja ukitafuta njia ya kutoka. Hiyo si karanga tena. Inaniuma kila mara, kwa sababu mtu aliilima, akaipalilia, ikamponyoka wiki ya mwisho.

Saa 7 maabara. Mbegu mbichi nazilaza kwenye karatasi yenye maji leo hii, maana zikikauka na kukaa ghalani usingizi hupungua zenyewe na kipimo hudanganya. Hapa wanaoanza kazi hii hukosea: ngozi ya mbegu ni ya mama, kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani, ni cha wazazi wote wawili. Mbegu ya mseto iliyozaliwa leo imevaa koti la mamaye, kwa hiyo siihukumu mapema. Nasubiri vizazi.

Saa 9 nasoma vialama vya DNA, alama zinazoonyesha mmea umerithi nini. Karanga ina kromosomu 40, seti mbili zilizotoka kwa mimea pori, Arachis duranensis na Arachis ipaensis. Jeni nyingi zina pacha upande wa pili. Moja ikiharibika, pacha huziba pengo, na mabadiliko hujificha.

Saa 11 jioni narudi kitaluni. Nachagua chipukizi la ua litakalofunguka kesho, nafungua petali kwa kibano, natoa stameni moja moja bila kugusa stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, nafunga uzi mwekundu. Nimefikia la kumi na tisa, na mwanga bado upo.